Mkaguzi wa Ngozi

Baba yangu aliijua ngozi kuliko daktari yeyote niliyewahi kukutana naye, na sisemi hivyo kumsifu. Kwa karibu miaka ishirini alikuwa mkaguzi wa ngozi za ng'ombe na mbuzi pale Manyoni, katika banda la shirika la umma lililokuwa ng'ambo ya reli. Kazi yake ilikuwa kuigeuza kila ngozi upande wa nyama, kuipapasa, kuinyanyua kwenye mwanga, kisha kuiandika kwa chaki: daraja la kwanza, la pili, la tatu, la nne. Iliyotobolewa na kisu au iliyoanza kuoza aliiandika neno moja tu, "kataa", na hakukuwa na rufaa. Wachunaji wa machinjioni walimwogopa kuliko diwani.

Nyumba yetu ilikuwa nyuma ya banda hilo. Wageni walikuja wakashika pua, nasi tukawashangaa, maana harufu yenyewe hatukuisikia. Nilikuwa bado sijaanza shule baba alipochukua kipande cha ngozi mbichi, akakikunja mbele yangu, akanionyesha ukingo wake. Juu kuna uso mwembamba wenye vinyweleo. Chini yake kuna nyuzi zilizosukwa, na huko ndiko nguvu iliko. Chini kabisa kuna mafuta, ambayo mchunaji hodari huyaacha kwenye nyama. "Na mtu ni hivi hivi," alisema, akinibana kidogo mkononi. "Ila yetu ni nyembamba."

Alikuwa na masharti yake. Ngozi iwambwe kwenye fremu siku hiyo hiyo, kabla haijaanza kujikunja. Ikaushwe kivulini penye upepo, si juani, wala isitandazwe chini. Ikishaanza kukauka isiguswe na maji tena. "Ngozi ivute ingali maji," alisema kila siku ya Mungu, hata pale ambapo hakuna aliyekuwa anazungumzia ngozi. Mpaka leo nikimsikia mtu akiitumia methali hiyo kwenye kikao cha wazazi au kanisani, natoka nje kana kwamba nina simu.

Mdogo wangu wa kike alikuwa na miaka tisa mwaka ule alioungua. Nilimpita miaka minne, na kwa kuwa mama alikuwa shambani muda mwingi, nilimlea mimi, kwa maneno makali na makofi mepesi. Ilikuwa miaka ya ruksa, bidhaa za nje zilipofunguliwa milango. Maduka ambayo zamani yalikuwa na viberiti na mwenye duka tu sasa yalijaa sabuni za kunukia, na mnadani mitumba ilimwagwa juu ya turubai, nguo ambazo bibi bado aliziita kafa Ulaya. Gauni lake nilimchagulia mimi. Lilikuwa la rangi ya waridi, lenye kuteleza, na mikono mirefu yenye marinda. Ukilisugua gizani lilitoa cheche ndogo ndogo, na tulilipenda hasa kwa cheche hizo. Hakuna aliyetuambia kwamba nguo ya namna ile haiungui kama pamba. Inayeyuka.

Ilikuwa Agosti, mwezi wa upepo na vumbi, saa saba mchana. Mama alikuwa amekwenda msibani Itigi. Mimi nilikuwa uani napepeta uwele, mdogo wangu alikuwa jikoni anachochea moto wa maji ya ugali. Upepo uliingia mlangoni ukaulaza moto upande. Nilimsikia akiniita "Dada," mara moja, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayeuliza chumvi iko wapi. Nilipoingia, mkono wa kulia wa gauni haukuwepo. Ulikuwa umeingia ndani yake, kuanzia juu ya kiganja hadi karibu na bega. Nilimfunika na gunia, moto ukazimika, nikaanza kuivuta nguo, na nilichokivuta hakikuwa nguo peke yake.

Zahanati kulikuwa na nesi mmoja mtu mzima, mpole wa mikono, mkali wa maneno. Alimsafisha, akampaka dawa ya zambarau, akamgeukia baba.

"Mzee, kidonda kiko kwenye kiwiko. Kikipona mtoto amekunja mkono, ngozi itamfunga hivyo hivyo mpaka anazeeka. Mfunge ubao. Kila asubuhi mfungue, umnyooshe, hata akilia. Usimwonee huruma."

Baba akatabasamu, kwa mara ya kwanza siku ile. "Mama, hayo unamwambia mtu wa ngozi."

Nesi akamtazama, akasema, "Haya. Tutaona."

Tulirudi nyumbani baba akiwa amembeba mgongoni, na nakumbuka nilivyotulia moyoni. Watoto wengine waliungua wakawa na baba mkulima au fundi baiskeli. Sisi tulikuwa na mkaguzi. Siku hiyo hiyo alichukua ufito wa fremu, akauchonga ukawa ubao mzuri, akaulainisha kwa kipande cha chupa mpaka ukang'aa.

Mama aliporudi kutoka msibani alikuja na chupa ya asali ya Itigi, maana kwao Itigi mtu akiungua hupakwa asali. Baba alikataa katakata. Alisema unyevu ndio unaoozesha ngozi, na kwamba hajafanya kazi miaka yote ile ili aje kufundishwa na nyuki.

"Huyu si ng'ombe," mama alisema.

"Ngozi ni ngozi."

Mama aliongea Kigogo peke yake jioni nzima, akaiweka chupa juu ya kabati, na mwishowe asali ile ililiwa na sisi wazima. Mdogo wangu akawekwa nyuma ya nyumba, kwenye kitanda cha kamba, kivulini, penye upepo, mahali pale pale ambapo baba alikuwa akiweka fremu za ngozi za mbuzi. Kidonda kikakauka vizuri sana. Kikafanya gamba jeusi, gumu, na gamba hilo likawa linapasuka kwenye kiwiko kila mtoto alipojisogeza, kwa hiyo akajifunza kutojisogeza. Aliukunja mkono kifuani, kiganja chini ya kidevu, akabaki hivyo.

Asubuhi ya kwanza ya kunyoosha nilikuwepo, nimeshika beseni la maji. Baba alifungua ubao, akashika kifundo cha mkono kwa mkono mmoja na bega kwa mwingine. Nimemwona mtu huyu akiivuta kamba ya fremu kwa nguvu zake zote, mguu ameukanyaga kwenye mti, mpaka ngozi ya dume zima inalia kama ngoma. Akasema, "Ngozi ivute ingali maji, mwanangu," akavuta. Gamba likachanika. Mdogo wangu hakupiga kelele. Alimwangalia tu baba usoni, mdomo wazi, machozi yanamtoka bila sauti. Baba akaachia.

"Kesho," alisema.

Kesho yake alivuta nusu ya vile. Kesho kutwa aliufungua ubao, akautazama mkono, akasema, "Leo apumzike." Baada ya wiki ubao ukawa unafungwa kwa kulegezwa, kisha ukawa unafungwa tunapokwenda zahanati tu, ili nesi auone. Mimi nilikuwa na umri wa kujibu, nikamjibu.

"Baba, nesi alisema hata akilia."

Hakunikaripia. Aliuviringisha ule ubao mikononi.

"Ng'ombe anakuwa ameshakufa," alisema. "Huyu ananiangalia."

Mvua zilipoanza, kidonda kilikuwa kimefunga na mkono ulikuwa umekunjika. Ngozi mpya ilikuwa inang'aa, nyekundu na kahawia, imevutwa kama kamba kutoka mkono wa chini hadi wa juu. Ukijaribu kuunyoosha uliishia pale pale, kama mlango ulioegemewa na mtu kwa ndani. Nesi aliupima mara moja, akamwangalia baba, akaita mgonjwa mwingine. Afadhali angetukana.

Katika msimu huo huo banda likafungwa. Malori ya wanunuzi binafsi yalikuwa yanakuja mnadani na kununua ngozi yoyote, iliyokaushwa chini juani, yenye matundu, yenye mchanga, bila kuigeuza. Siku za mwisho baba aliikataa ngozi moja, na mnunuzi akaiokota pale pale mbele yake, akaitupa kwenye lori, akacheka. "Mzee, chaki kawape walimu." Shirika likawarudisha watu nyumbani. Baba alikuja na kisu chake kilichopinda na boksi la chaki ambalo hakuwa na pa kulipeleka.

Mwaka uliofuata nikiwa darasa la saba, mwalimu wa sayansi alitufundisha ngozi ya binadamu. Alichora ubaoni picha kubwa, na nikaona ni ule ule ukingo ambao baba alinionyesha: tabaka la nje, tabaka la ndani, mafuta. Ila mwalimu aliongeza vitu ambavyo baba hakuwahi kuvitaja, kwa sababu ngozi zake zilifika zikiwa zimeshaviacha. Aliongeza tezi za jasho, na vijishipa vya fahamu vinavyoishia karibu na uso wa ngozi, ambavyo hupeleka habari kwenye ubongo kwamba hapa pana moto, hapa pana mwiba, hapa pana mkono wa mama. Akaandika kazi za ngozi. Kukinga mwili, kupoza joto, kutoa taka kwa jasho, kuhisi. Tulikariri kwa sauti darasa zima. Mimi nilipata zote, na nilirudi nyumbani na daftari nimelishika kama askari mwenye hati ya upekuzi.

Nilimkalisha mdogo wangu juani mpaka akalowa jasho shingo na mgongo. Mkono wa kulia ulikuwa mkavu kabisa, na wa moto. Nikamwambia afumbe macho. Nikamgusa na bua la jani hapa na pale, nikimuuliza. Shavuni, anasikia. Mkono wa kushoto, anasikia. Kiwiko cha kulia, kimya. Nikabadili bua nikachukua mwiba wa mgunga. Kimya. Alikuwa bado amefumba macho, anatabasamu, anasubiri nianze.

Nilimwambia baba. Nilifikiri nafanya jambo la maana. Alikisoma kile nilichoandika, mara mbili, akauliza, "Hata mwiba?" Kesho yake asubuhi akaanza kumkagua mwenyewe.

Alipata habari wakati ule kwamba mvua zikiisha, angekuja daktari wa kuunga ngozi kwenye hospitali moja ya misheni, akae wiki chache tu. Baba akaamua hivi: kama uhai unarudi kwenye ngozi, iachwe ijifungue yenyewe polepole. Kama haurudi, mtoto apelekwe. Alitutangazia sote mezani, na yeye mwenyewe ndiye angekuwa hakimu. Kila asubuhi baada ya uji alikaa naye kivulini na bua lake. "Fumba macho. Unasikia?" Mwanzoni mdogo wangu alisema hapana. Kisha siku moja akasema, "Nasikia, baba." Siku ya pili sehemu mbili. Baba akaingia ndani akachukua chaki, na kwenye ukuta wa jiko akaandika "la nne". Baada ya wiki akafuta, akaandika "la tatu". Mtu ambaye hakuna tena aliyemuuliza ngozi ipi ni ipi alikuwa na ngozi moja ya kukagua, na ilikuwa inapanda daraja. Alianza kunyoa ndevu. Alianza kumtania mama.

Mimi niliona mapema. Nilikuwa nimesimama mlangoni na ufagio, jua likiwa upande wangu, nikaona kope za mdogo wangu hazijagusana. Alikuwa anachungulia. Alipoona nimeona, akanitikisia kichwa, kidogo sana.

Tulipokwenda kisimani nilimkamata sikio. "Kwa nini unamdanganya baba?"

"Dada, usiseme." Alijishika paja. "Huyo daktari anachuna paja, ndiyo anashona mkono. Wameniambia shuleni. Atanichuna, dada."

Na ni kweli, ndivyo inavyofanyika. Mtoto mwingine angesikia habari hiyo akaona ni hadithi. Huyu alikuwa amekulia nyuma ya banda letu. Alijua kisu kinaanzia wapi, mguu unashikwaje, ngozi inatoka kwa sauti gani. Aliyajua yote hayo, na wanyama aliowaona walikuwa wameshakufa, lakini yeye hakuwa amekufa.

Nikanyamaza. Nimejaribu kwa miaka mingi kusema nilinyamaza kwa kumhurumia, na sehemu ni kweli. Sehemu nyingine ni kwamba nyumba yetu ilikuwa imepata furaha kidogo, nami sikutaka kuwa yule wa kuiondoa. Niliwahi kumlaumu baba kwa huruma yake, nikiwa na mdomo mrefu kabisa. Zamu yangu ilipofika sikufanya tofauti. Mvua zikaisha. Ukuta wa jiko ulisomeka "la pili". Daktari akaja, akakaa wiki zake, akaondoka.

Mwezi wa saba, jioni bado kuna mwanga, tulikuwa jikoni wote wanne kwa sababu ya baridi. Mama alikuwa ameepua chungu cha maharage na kukiweka pembeni. Mdogo wangu alikuwa anatusimulia kituko cha shuleni, mwalimu aliyekaa kwenye kiti kibovu, anaigiza, anacheka. Baba alikuwa wa kwanza kusikia harufu. Aliinua pua, akageuka. Tukageuka sote. Mkono wa kulia wa mdogo wangu ulikuwa umeegemea chungu, wote, kuanzia kiwikoni, na ngozi ilikuwa inafanya malengelenge yanayopasuka. Yeye aliendelea kusimulia. Alipoona hakuna anayecheka, akakatiza hadithi, akaangalia nyuma yake mlangoni, akitafuta ni kitu gani tunachokitazama.

Baba alimvuta. Aliushika ule mkono akaukagua kwenye mwanga wa moto, upande huu na upande huu. Kisha akamwangalia usoni, akaniangalia na mimi. Sikuweza kumwangalia. Akaelewa. Hakupiga mtu. Aliinuka, akaenda kwenye ukuta akafuta "la pili" kwa kiganja, na hakuandika kitu kingine.

Kesho yake tulipanda lori kwenda hospitali ile ya misheni. Mganga aliyekuwepo alikuwa kijana, mstaarabu. Aliukunjua mkono mpaka pale unapoishia, akautazama muda mrefu. Alieleza kwamba mwanzoni ni ngozi tu iliyokuwa imefunga, na ngozi inaweza kukatwa na kuungwa. Sasa kiungo chenyewe kilikuwa kimekauka, na mishipa imekuwa mifupi. Wangeweza kujaribu, lakini yeye hakutuahidi hata nusu ya mkono. "Mngemleta mwezi wa tano, mzee, alikuwepo mtaalamu," alisema. "Hamkusikia?"

"Tulisikia," baba alijibu.

Mwaka uliofuata daktari yule hakuja, na mwaka uliofuata tena watu waliacha kumtaja. Mkono ukabaki kama ulivyo, kiganja chini ya kidevu. Mdogo wangu alijifunza kuandika kwa kushoto, akaandika vibaya, akaacha shule. Jembe halishikiki kwa mkono mmoja. Mchumba alikuja mmoja, akaona, akasema atarudi.

Baba alizeeka haraka. Macho yalifunikwa na mtoto wa jicho, na mdogo wangu ndiye aliyebaki nyumbani kumwangalia, maana mimi nilikuwa mwalimu Nduguti na mama alikuwa ameshatangulia. Nilipokwenda likizo ya mwisho ambayo nilimkuta hai, nilimsikia kutoka uani akimwita mdogo wangu amletee mkono. Alikuwa haachi. Kila siku, asubuhi, baada ya uji.

Nilisimama mlangoni. Alikuwa amekaa kitandani, ameuweka ule mkono mapajani mwake na anaupapasa, kuanzia kiwikoni kwenda chini, kwa vidole vyake vilivyoliwa na chumvi na dawa ya wadudu miaka yote ile ya banda. Asubuhi ile ile nilikuwa nimempa kikombe cha uji wa moto, akakishika mzima mzima, na nilipomuuliza kama hakimuunguzi alisema vidole vyake havina habari siku nyingi. Hakuwahi kumwambia mdogo wangu hilo.

"Unasikia?" alimuuliza.

"Nasikia, baba."

"Hata mimi nasikia. Imelainika." Akaendelea kupapasa. "Inarudi hii."

Mdogo wangu aliinua macho akaniona. Hakunitikisia kichwa safari hii, hakukuwa na haja. Nikarudi jikoni nikaosha vikombe.